Kadi ya kwaya iliua network ya dispensary, na mama wa watu akasimamishwa kazi kwa makosa si yake

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa pwani, wa Kenya na wa ng'ambo ya mpaka.

Leo sina utani. Nimekaa na hii kitu rohoni wiki kadhaa nikingoja hasira ishuke, na imekataa kushuka. Basi naandika nikiwa nayo hivyo hivyo.

Nitakayosema ama niliyaona kwa macho yangu, ama niliambiwa na mhusika mwenyewe. Majina nimebadilisha. Lakini mwenye alifanya akisoma atajijua, na akijijua ni sawa tu.

Mimi niko na duka ndogo ya kutengeneza kompyuta hapa Machakos town. Siku hizi kazi ni laptop zimemwagikiwa chai. Lakini kazi nilijifunzia kwa zile tower za zamani, nzito, ukibeba moja mgongo unalia. Kwa hivyo mtu akiwa na mashine mzee huku Ukambani, mara nyingi ananitafuta.

Sasa, kuna dispensary ya mission huko Mwala side. Ndogo tu. Chumba cha nesi, chumba cha dawa, dirisha la kuandikisha, na chumba cha rekodi. Kwa hicho chumba cha rekodi kuna server ya Unix imekaa pale miaka na miaka. Iliwekwa na brother mmoja wa mission, akaandika programu ya rekodi za wagonjwa na mkono wake, akarudi kwao. Kutoka hapo zile kompyuta tatu za vyumba vingine zinasoma kila kitu kwa hiyo server kupitia network.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika hapo chini, "si wangenunua mpya?" Pole pole mkuu. Hiyo mashine haijawahi kupoteza mgonjwa hata mmoja. Wewe laptop yako ya mwaka jana inaganda ukifungua tabo kumi.

Mwenye anaichunga hiyo server ni mama mmoja, Kalondu. Mimi namwita Mama Mutuku, kwa sababu Mutuku, kijana wake, tulikaa deski moja primary. Mama Mutuku hakusomea kompyuta. Alifundishwa na yule brother, akaandika kila command kwa daftari, na hiyo daftari anaiweka pamoja na Biblia. Miaka zaidi ya ishirini. Ukienda na jina la nyanya yako tu, anakutolea rekodi yako kabla hujakaa chini.

Na alishonea hiyo server kitambaa. Nyinyi mnajua vitambaa vya mama zetu. Kocheti nyeupe, imefunika tower yote juu mpaka chini, imeacha matundu ya hewa, na nyuma iko na kamba mbili za kufunga. Kila jioni anazima skrini, anafunika, anafunga kamba. Usicheke. Vumbi ya Mwala si ya kuchezea.

Siku moja asubuhi ananipigia simu. Hajawahi kunipigia analia.

"Mwana wakwa," ndio ananiitanga, mtoto wangu, tangu nikiwa mdogo. "Wamenisimamisha kazi. Wanasema nimeharibu kompyuta makusudi."

Nikafunga duka.

Sikilizeni vile ilienda.

Jumatatu moja walifungua dispensary, network imekufa. Server inawaka, kompyuta za vyumba zinawaka, lakini hazionani. Nesi hawezi kuona mtoto wa kifafa anameza dawa gani na kiasi gani. Watu wametoka mbali, wengine na punda, wanaambiwa warudi ama wakumbuke wenyewe dawa zao. Mzee wa miaka themanini akumbuke jina la tembe! Ngai!

Mwenyekiti wa kamati ya dispensary akaleta fundi. Si mimi. Huyo fundi akabadilisha waya, akabadilisha kile kisanduku cha kuunganisha waya, akachungulia chini ya kitambaa, akaona taa za kadi ya network zinawaka kijani. Akasema hivi, na hii ndiyo iliniudhi kwanza: "Waya ni mzima. Kadi ni nzima. Hii ni mtu amechezea mashine."

Halafu akaenda zake. Hakufungua server. Hakufungua! Wakuu, wewe ni fundi gani unatoa hukumu na hujashika screwdriver? Daktari atasema umelishwa sumu bila kukugusa tumbo?

Sasa Mwenyekiti. Huyu ni mwalimu mstaafu, na huko kila mtu anamwita Mwalimu tu. Alifundisha nusu ya hiyo lokesheni. Ndiye mwenyekiti wa kamati, na ndiye kiongozi wa kwaya pia. Akisema kitu, watu wanaandika.

Mwalimu akachukua hilo neno, "mtu amechezea", akapiga hesabu yake. Chumba cha rekodi kinafungwa. Ufunguo uko na nani? Kalondu. Na juzi kwa mkutano nani alikataa server itupwe, iletwe ya kisasa? Kalondu. Basi Kalondu ameharibu ili aonekane ni yeye tu anajua kuitengeneza.

Hiyo ni hesabu gani jameni?

Angesemea kwa ofisi ningenyamaza. La. Jumapili, baada ya ibada, wakati wa matangazo, alishika microphone mbele ya kanisa lote. "Kuna mtu kati yetu anaharibu mali ya mission, na tumemchukulia hatua." Hakutaja jina. Hakuhitaji. Mama Mutuku alikuwa ameketi pale kwa kwaya, safu ya alto, amevaa gauni ya kwaya. Kanisa lote likageuka likamwangalia.

Alipokuwa ananieleza hiyo sehemu, akaongeza:

"Hata mtoto wa dada yangu aliniuliza, auntie, ulivunja nini?"

Nikasema leo ni leo.

Nilifika Mwala saa nne hivi asubuhi. Nesi msimamizi, Sista, ni mtu mzuri lakini anaogopa kamati. Nikamwambia, naingia kwa hiyo server, lakini naingia na Mama Mutuku, kwa sababu password iko na yeye, na sitaki kesho mtu aseme na mimi nimechezea. Sista akampigia Mwalimu. Mwalimu akaja na boda, amevaa tai, uso umekunjwa.

"Wewe ndio Musyoki? Nilikufundisha hesabu."

"Ndio Mwalimu. Leo nimekuja kukagua hesabu yako."

Haki ilinitoka tu. Mama Mutuku alinifinya mkono.

Tukaingia, wanne. Kitambaa kiko mahali pake. Mama Mutuku akainama nyuma ya mashine afungue kamba, akasimama.

"Hii fundo si yangu."

Akafungua. Mimi nikaweka hiyo kwa kichwa, nikaendelea.

Sasa sehemu ya mafundi. Wale wengine vumilieni, ni fupi.

Niliingia kama root, yaani mwenye mamlaka yote kwa mashine. Nikauliza mashine, kadi yako ya network unaiona? Inaiona. Imewashwa? Imewashwa. Nikajaribu ping, yaani kubisha hodi kwa network, kwa kompyuta ya nesi. Zimeenda kumi, zimerudi sifuri. Kisha kwa skrini ikaanza kuandika mstari mmoja, tena na tena:

ed0: device timeout
ed0: device timeout

Wakuu, mwenye amegusa mashine za zamani hapo ameshajua. Mimi nywele zilisimama. Huo mstari nilikutana nao nikiwa nasomea kazi, ukanitesa siku mbili nzima.

Maana yake ni hii. Kwa hizo mashine za zamani, kila kadi inapewa namba ya kuita processor. Hiyo namba inaitwa IRQ. Kadi ikimaliza kutuma kitu, inapiga kengele yake, processor inakuja kuchukua. Siku hizi mashine zinajipangia zenyewe. Zile za zamani, ni wewe unapanga kwa mkono, kwa kuhamisha kijiplastiki kidogo juu ya kadi kinaitwa jumper. Na namba ni chache. Ukipea kadi mbili namba moja, moja inakalia kengele ya mwenzake. Kadi ya network inatuma, inapiga kengele, hakuna anayesikia. Taa zinawaka kijani lakini kazi hakuna.

Kwa hivyo network haikuwa imevunjwa. Kuna mtu alikuwa ameingiza kadi ya pili.

Nikatoa screws nne. Nikavuta kifuniko.

Ndani, kila kitu ni nyekundu ya vumbi. Miaka ya vumbi, hata kitambaa hakikuweza yote. Power supply nyekundu. Kadi ya network nyekundu. Na katikati hapo, kadi moja imeoshwa safi, inang'aa, haina hata chembe.

Kadi ya sauti. Ya muziki! Kwa server ya dispensary!

Nikauliza polepole, "Hii ni ya nani?"

Sista akaangalia sakafu. Halafu Mwalimu akakohoa.

"Hiyo ni yangu. Ni ya kwaya."

Wakuu, nilikaa chini. Kwa kweli nilikaa chini kwa sakafu.

Hadithi ni hii. Mwalimu zamani alikuwa na kompyuta nyumbani ya umri huo huo, na floppy zake, zile diski za zamani, za noti za nyimbo. Zile noti zinacheza sauti moja moja: soprano peke yake, alto peke yake, tenor, bass. Ndivyo anafundisha kwaya. Kompyuta yake ikafa. Programu yake haikubali mashine nyingine isipokuwa iwe na hiyo kadi, na mashindano ya kwaya yamekaribia. Basi akafikiria: kompyuta ya mission iko, Jumamosi inakaa bure, na ya mission ni ya wote. Akatoa ile kadi kwa mashine yake iliyokufa, akachukua ufunguo wa akiba wenye unakaa na mwenyekiti, akaingia Jumamosi mchana, akafungua server, akaweka kadi, akawasha na floppy yake, kwaya ikaimba vizuri sana. Jioni akatoa floppy, kadi akaiacha ndani kwa mazoezi yajayo, akawasha server vile ilikuwa, akafunika na kitambaa, akaenda nyumbani ameridhika.

Jumatatu network imekufa.

Na huyu mtu alisimama kanisani akauliza nani ameharibu!

"Mwalimu, na haukufikiria kusema ulifungua mashine?"

"Kadi ya muziki na network, wapi na wapi? Mimi sikuharibu kitu. Mimi niliongeza."

Sikuharibu, niliongeza. Wakuu, hiyo sentensi bado inanizungukia kichwani. Na unajua ubaya wake? Nadhani alikuwa anaamini. Hakudanganya mtu. Kwa akili yake kuharibu ni kazi ya karani kama Kalondu, mwalimu yeye anaongeza tu. Ningependelea angekuwa mwongo. Mwongo unaweza kumshika.

Nikamwonyesha. Nikatoa kadi yake, nikawasha. Ping zimeenda kumi, zimerudi kumi. Sista akapiga makofi. Nikazima, nikarudisha kadi. Zimeenda kumi, sifuri. Nikatoa tena. Kumi kwa kumi. Nikamwambia, "Sasa wewe mwenyewe rudisha, uone." Akakataa. Alikuwa ameshaelewa. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwa tai.

Ndio Mama Mutuku akaongea. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mimi nilijua Jumatatu ile ile, nikaiacha vile ilivyo. Hii ni fundo ya scout. Mutuku alifundishwa na wewe shuleni, akaja nayo nyumbani, akafunga nayo mbuzi zangu zote."

Nikamgeukia. "Mama Mutuku! Na mbona haukusema?"

"Kwanza hakuna aliyeniuliza. Na ningesema ni Mwalimu, nani angeniamini?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipokwama mpaka leo. Si kwa kadi. Kadi ni kitu ya dakika tano. Mama amechunga hiyo mashine zaidi ya miaka ishirini, siku inaugua hakuna hata mmoja alimuuliza swali moja, umeona nini? Jibu lilikuwa kwa kamba ya kitambaa, mbele ya macho yao. Walikimbilia mgeni hajui hata mashine ina umri gani.

Mwalimu akajipangusa uso. Akasema, "Basi, tumshukuru Mungu imejulikana. Kalondu arudi kazini kesho. Yaishe."

Yaishe!

Kumchafua ni kwa microphone, kanisa zima. Kumsafisha ni kwa chumba cha watu wanne, mlango umefungwa. Halafu yaishe. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Huyu walimnyonga hadharani na haki yake wanataka kumpea kichinichini.

Nilitaka nitoe hiyo kadi ya muziki niitupe kwa choo. Wallahi, nilikuwa nimeishika tayari.

Mama Mutuku akanizuia. "Irudishe, lakini ikae bila kuleta shida. Inawezekana?"

"Inawezekana. Lakini kwa nini?"

"Mashindano yamekaribia. Na mimi naimba alto. Hizo noti nazihitaji."

Wueh. Nikahamisha jumper ya kadi ya network kutoka namba tano mpaka namba kumi, nikaingia kwa settings za kernel, ule moyo wa system, nikaandika kumi huko pia, nikarudisha kadi ya Mwalimu ibaki na tano yake. Nikawasha. Kila kitu kikaamka. Dirishani mama mmoja na mtoto mgongoni akaandikishwa hapo hapo. Kadi ya network haikuwa na kisirani, ilitaka tu namba yake.

Lakini mimi si mtu mzuri vile Mama Mutuku ni mzuri. Kabla nitoke nilifanya kitu kimoja, na ndio nataka mnihukumu.

Wenye mnajua Unix mnajua kuna faili inaitwa motd. Chochote ukiandika huko, kila mtu akiingia kwa system asubuhi ndio anasoma kwanza. Ni root tu anaweza kubadilisha. Nikaandika:

NETWORK ILIZIMWA NA KADI YA MUZIKI ILIYOWEKWA NA MWENYEKITI. KALONDU HAKUHARIBU KITU.

Halafu nikamwambia Mama Mutuku abadilishe password ya root, aandike mpya, mimi nikiwa nimeangalia ukuta.

Siku mbili tu, simu. "Kijana, toa hayo maneno. Nesi anasoma, wa dawa anasoma, hata yule wa kufagia anasoma."

"Mwalimu, mimi siwezi. Password iko na Mama Mutuku. Muulize yeye."

Akamuuliza. Mama Mutuku akamjibu: atatoa hayo maneno Jumatatu yenye itafuata Jumapili yenye Mwalimu atasema kanisani, kwa microphone ile ile.

Jumapili ya kwanza Mwalimu alisimama akatangaza, "Kompyuta yetu imepona, tumshukuru Mungu." Watu wakapiga makofi. Mama Mutuku akanipigia. "Imepona, ati. Kumbe ilikuwa na malaria." Maneno yakabaki kwa skrini.

Jumapili ya pili, kimya. Yakabaki.

Jumapili ya tatu nilienda mwenyewe. Kwaya iliimba, na lazima niseme ukweli, iliimba vizuri. Wakati wa matangazo Mwalimu akashika microphone. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi vile nilidhani.

"Nilisema hapa kuna mtu aliharibu kompyuta. Huyo mtu ni mimi. Kalondu hakuharibu kitu. Nilimkosea, na namuomba msamaha mbele yenu."

Kanisa lote likageuka tena, safu ya alto. Safari hii Mama Mutuku hakuangalia chini.

Somo, wakuu. Mafundi, fungueni mashine kabla mfungue mdomo. Kadi ikikuandikia device timeout na taa zinawaka, angalia IRQ kabla uangalie watu. Na nyinyi wenye viti na microphone, kitu kikiharibika anzeni na mwenye anakichunga kila siku. Kabla mumshuku, mumuulize.

Sasa nyinyi mniambie. Nilikosea kuandika yale maneno kwa motd? Kuna ndugu yangu mmoja anasema nilimdhalilisha mzee. Na nyinyi mmeshaona mtu akibebeshwa kosa la mashine kazini? Mwageni hapo chini, hata za kunipinga nitasoma.

Jumatatu yake nilipita Mwala kuangalia server. Mama Mutuku alikuwa ametimiza ahadi, maneno yangu yote ametoa. Alikuwa ameandika yake:

KADI YA NETWORK NI KUMI. KADI YA KWAYA NI TANO. KABLA UFUNGUE HII MASHINE, MUULIZE KALONDU.